Titresheni ya asidi na besi: kuanzia kusuuza bureti hadi namba tatu zinazokubaliana

Kila mwaka, wiki mbili kabla ya mtihani wa vitendo, maswali ni yale yale. "Koniko nayo tunaisuuza kwa besi?" "Hii rangi imefika au bado?" "Mimi nimepata 24, mwenzangu kapata 27, nani yuko sawa?" Nimeyajibu mlangoni mwa maabara, nimeyajibu kwenye simu saa nne usiku. Sasa nayaandika mara moja, ili nikiulizwa tena nielekeze hapa nikalale.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye kidato cha tatu au cha nne, unayekwenda kufanya titresheni yenye asidi kwenye bureti (bomba refu la kioo lenye mistari ya ujazo na koki chini) na besi kwenye koniko (chupa ya kioo yenye umbo la koni). Najua mtihani utausoma na kuujibu kwa Kiingereza. Lakini kazi yenyewe ni ya mkono na jicho, na mtu akielewa kwa Kiswahili kwa nini anafanya jambo fulani, hata hilo jina la Kiingereza halimsumbui tena.

Niseme mapema ninachokiamini, baada ya miaka ya kusimama nyuma ya wanafunzi wakiwa wameinama juu ya meza: alama za titresheni hazipotei kwenye hesabu. Zinapotea kwenye kusuuza, kabla tone la kwanza halijadondoka, na kwenye sentimita ya ujazo ya mwisho, pale mkono unapoingiwa na haraka.

Nadharia, kidogo tu

Asidi ikiwa kwenye maji hutoa ioni za haidrojeni, H⁺. Alkali, yaani besi inayoyeyuka kwenye maji, hutoa ioni za haidroksidi, OH⁻. Zikikutana zinaungana kuwa maji, na kinachobaki ni chumvi. Kiasi kikilingana, asidi na besi huzimana: hakuna iliyobaki na ukali. Hiyo ndiyo neutralizesheni. Titresheni ni namna ya kuuliza swali moja: asidi kiasi gani inatosha kuizima besi niliyoipima? Jicho halioni ioni, ndiyo maana tunaweka kiashiria kitupe rangi.

Andaa hivi kabla ya kugusa asidi

- Bureti ya 50 cm³, na stendi yenye kibanio kinachoshika kweli.
- Pipeti, bomba la kioo la kuvuta na kupima besi, ya 25 cm³ (shule nyingine wana ya 20, soma iliyoandikwa kwenye pipeti yako, usikariri).
- Mpira wa kuvutia pipeti.
- Koniko tatu au nne. Ukiwa na moja tu, utaiosha kila mara.
- Bika mbili ndogo, moja ya asidi na moja ya besi. Ziandike kwa kalamu ya wino mzito. Zote mbili zina kitu kinachofanana na maji, na hapo ndipo watu wanapochanganya.
- Faneli ndogo.
- Kigae cheupe, au karatasi nyeupe ya kuweka chini ya koniko.
- Chupa ya kunyunyizia yenye maji safi yasiyo na chumvi.
- Kiashiria: methili oranji au fenolfthalini. Wanafunzi wanaziita MO na POP, nami nitaziita hivyo.
- Penseli, na jedwali ulilokwisha kulichora.

Kuhusu maji hayo safi: shule isiyo na mtambo wa kukeneka maji mara nyingi hununua maji ya betri kituo cha mafuta. Sawa, lakini angalia sana unachopewa. Kuna maji ya betri, na kuna asidi ya betri, ambayo ni salfuriki inayotoboa nguo. Chupa zinafanana na muuzaji anaweza kuziita zote "maji ya betri". Soma lebo. Kisha mwaga kidogo kwenye bika, tia tone la MO: ikigeuka nyekundu, hayo si maji, rudisha.

Usalama usiufanyie mzaha kwa sababu asidi "ni ya 0.1 tu". Usivute pipeti kwa mdomo, hata kama kaka yako alifanya hivyo na yuko hai. Kati ya asidi na sodiamu haidroksidi, mimi naiogopa zaidi sodiamu haidroksidi kwenye jicho: inapenya kimyakimya, haiumi mara moja kama asidi. Ikikurukia, acha kila kitu, nenda bombani, fumbua jicho, maji yatiririke dakika 15 au zaidi, mtu mwingine amwite mwalimu. Usijaribu kuizima kwa asidi. Kuzimana ni kwa ndani ya koniko, siyo ndani ya jicho.

Na wewe unayeandaa myeyusho wenyewe: asidi ndiyo inayomwagwa ndani ya maji, kidogo kidogo. Ukimwaga maji ndani ya asidi kali, yanachemka papo hapo na kukurushia usoni. Kwa lita moja ya asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M (yaani moli 0.1 kwa lita; hiyo ndiyo molariti), kutoka kwenye chupa ya asilimia 36 yenye densiti 1.18, unahitaji takriban 8.6 cm³. Anza na maji kama nusu lita, tia asidi, kisha ongeza maji hadi alama ya lita.

Kiashiria kipi?

Hili huwa linaulizwa kabla ya kitu kingine chochote, kwa hiyo tulimalize.

Asidi kali na besi kali (mfano haidrokloriki na sodiamu haidroksidi): MO au POP, yoyote inafaa.

Asidi kali na besi dhaifu (haidrokloriki na sodiamu kaboneti, au amonia): MO.

Asidi dhaifu na besi kali (asidi ya siki au oksaliki na sodiamu haidroksidi): POP.

Dhaifu kwa dhaifu: hakuna kati ya hizi mbili itakayokupa mabadiliko makali, na hutapewa swali hilo kwenye mtihani wa vitendo.

Sababu ni kwamba MO inageuka rangi kati ya pH (kipimo cha uasidi na ubesi, 7 ikiwa katikati) 3.1 na 4.4, upande wa asidi, na POP inageuka kati ya 8.2 na 10, upande wa besi. Hakuna inayogeuka kwenye 7 yenyewe. Inatosha.

Kazi yenyewe

Mfano wangu ni huu, na ni swali la kawaida kabisa: myeyusho A ni asidi ya haidrokloriki ya 0.1 M. Myeyusho B una gramu 14.3 za sodiamu kaboneti yenye maji ya fuwele, Na₂CO₃·xH₂O, ndani ya lita moja. Tafuta x, yaani ni maji mangapi yamo kwa kila Na₂CO₃ moja.

1. Osha vyote kwa maji. Bureti, pipeti, koniko. Bureti ikiwa safi, maji yanateremka kama pazia. Yakibaki matone matone ukutani, ndani kuna mafuta; osha kwa sabuni, suuza vizuri.

2. Suuza bureti kwa asidi. Mimina kama 5 cm³ za A, ilaze, izungushe ili asidi ifike kila mahali, kisha uimwage kupitia kwenye koki, si kwa juu. Rudia. Ukiacha maji ndani, asidi yako inazimuka, na utahitaji nyingi zaidi kuliko kawaida.

3. Suuza pipeti kwa besi. Vuta B kidogo, izungushe, mwaga. Mara mbili.

4. Suuza koniko kwa maji peke yake. Hapa ndipo naomba usimame kidogo. Koniko haisuuzwi kwa besi, wala kwa asidi. Pipeti imepima 25.00 cm³ za besi. Hizo ndizo unazotaka, na si tone zaidi. Koniko ikiwa na maji maji haina shida, kwa sababu maji hayaongezi wala kupunguza besi uliyoweka.

Mimi nilijifunza hili kwa aibu. Nikiwa kidato cha tatu nilisuuza koniko kwa besi kwa sababu niliona ndio usafi wenyewe. Wenzangu wote walikuwa kwenye 25, mimi nikapata 25.60, 26.10, 25.40. Mwalimu wetu hakunigombeza. Aliichukua koniko niliyokuwa nimeiandaa kwa mzunguko wa nne, akaigeuza juu ya kigae, tukasubiri. Likadondoka tone, la pili, la tatu, halafu likateremka jingine taratibu ukutani likaning'inia mdomoni. "Na haya uliyapima?" Tangu siku hiyo sijawahi kusahau.

5. Jaza bureti. Weka faneli, mimina asidi ipite kidogo alama ya sifuri, kisha toa faneli. Faneli ikibaki juu itadondosha matone wakati unaendelea, na bureti itaonyesha umetumia kidogo kuliko ulivyotumia. Nimeona mtu mwenye mkono mzuri kabisa akipoteza namba zake zote kwa kisa cha faneli.

6. Toa hewa kwenye ncha. Fungua koki kwa ghafla sekunde moja, asidi ishuke kwa nguvu na kiputo kitoke. Angalia chini ya koki kwa macho, usidhani tu. Kiputo kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake inajazwa na asidi ambayo haijaingia kwenye koniko, nawe utaihesabu.

7. Soma mwanzo. Si lazima iwe 0.00. Ikiwa 0.40, andika 0.40. Uso wa asidi umebonyea katikati kama bakuli; soma chini ya bonde hilo, jicho likiwa usawa wake. Ukisimama na kuangalia kutoka juu, utasoma namba ndogo kuliko halisi. Wafupi wapande kigoda, warefu wainame. Weka karatasi nyeupe nyuma ili bonde lionekane. Andika desimali mbili: 0.40, siyo 0.4. Bureti ya kawaida ina mistari ya 0.1, na kati ya mistari miwili unaweza kukadiria nusu, kwa hiyo namba yako itaishia na 0 au 5.

8. Pima besi. Vuta B kwa mpira hadi ipite alama, futa nje ya ncha, teremsha taratibu hadi bonde likalie alama. Iachie kwenye koniko, ncha ikigusa ukuta. Ikiisha, subiri kidogo, gusisha ncha ukutani, basi. Tone linalobaki ndani ya ncha usilipulize. Pipeti imetengenezwa ikijua tone hilo litabaki.

9. Tia kiashiria matone mawili au matatu. Watu huongeza "ili rangi ionekane vizuri". Viashiria navyo ni asidi au besi dhaifu. Ukimimina vingi vinaingia kwenye mchezo, na rangi inageuka polepole mno, hujui imefika wapi. Kwa B tunatumia MO, na koniko itakuwa ya njano.

10. Mzunguko wa majaribio. Achia asidi kwa mfululizo huku unazungusha koniko, mpaka rangi igeuke. Ikipita na kuwa nyekundu, usijali. Huu ni wa kujua jirani ya jibu. Tuseme umepata 25.60. Sasa unajua jibu halisi liko chini kidogo ya hapo.

Usiimwage koniko hiyo! Iweke pembeni. Tengeneza nyingine yenye besi na MO tu, ya njano. Ukiwa nazo mbili kwenye karatasi nyeupe, njano kushoto na nyekundu kulia, ile unayoifanyia kazi inakaa katikati na jicho linajua linatafuta nini.

11. Mzunguko wa kwanza wa kweli. Jaza bureti, soma. Achia asidi haraka hadi kama 23. Hapo punguza: matone ya kuhesabika, koniko ikizunguka muda wote. Mkono wa kushoto kwenye koki, ukiizingira kwa nyuma. Wa kulia kwenye koniko. Mwanzoni unajisikia kama unaendesha baiskeli kwa mikono iliyopishana, lakini baada ya mizunguko mitano mkono unazoea.

Ukikaribia, utaona tone likiangukia linaacha doa jekundu, halafu likizungushwa linapotea. Doa likianza kuchelewa kupotea, umebakiza matone machache. Hapo tone moja, zungusha, angalia. Tone moja, zungusha, angalia. Nyunyizia maji kwenye kuta za koniko ili matone yaliyorukia huko yashuke. Unaweza hata kuachia nusu tone: fungua koki kiasi tone lining'inie bila kuanguka, liguse na ukuta wa koniko, lisafishe kwa maji.

Njano ikigeuka rangi ya chungwa na kubaki, funga. Hapo ndipo. Ikiwa nyekundu au waridi, umepita.

12. Soma mwisho. Subiri nusu dakika asidi iliyogandia ukutani ishuke, kisha soma. Andika kabla ya kufanya kitu kingine chochote.

13. Rudia mara mbili au zaidi, mpaka upate namba tatu zisizopishana zaidi ya 0.20. Ya majaribio haimo kwenye wastani. Narudia, kwa sababu kila mwaka kuna anayeijumlisha: ya majaribio haimo.

Tuseme umepata hivi:

Majaribio: mwanzo 0.00, mwisho 25.60, iliyotumika 25.60
Wa kwanza: mwanzo 0.00, mwisho 24.90, iliyotumika 24.90
Wa pili: mwanzo 0.40, mwisho 25.25, iliyotumika 24.85
Wa tatu: mwanzo 1.10, mwisho 26.05, iliyotumika 24.95

Wastani: (24.90 + 24.85 + 24.95) ÷ 3 = 24.90 cm³.

Neno moja kuhusu kupika data. Najua inafanyika: mtu anafanya mzunguko mmoja, mingine anaibuni, 24.90, 24.90, 24.90. Kwanza, tatu zinazofanana hadi desimali ya pili zinatia shaka kuliko zinazopishana kidogo. Pili, anayepika anapika kutoka kwenye mzunguko mmoja, na kama huo ulikuwa mbovu, amejinyima nafasi ya kugundua. Fanya yote mitatu. Ni dakika tano kwa mzunguko.

Hesabu, bila kukariri fomula

Fomula ya MaVa/MbVb ni sawa, lakini nimeona wengi wakiigeuza juu chini wakiwa na hofu. Ukienda kwa moli, huhitaji kukumbuka chochote zaidi ya mlinganyo:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Moli za asidi zilizotumika: 0.1 × 24.90 ÷ 1000 = 0.00249.

Mlinganyo unasema asidi mbili kwa kaboneti moja, kwa hiyo kaboneti kwenye koniko ni nusu yake: 0.001245. (Kusahau hiyo 2 ndilo kosa la hesabu ninaloliona kuliko mengine yote. Asidi ya salfuriki na sodiamu haidroksidi nazo zina 2, ila upande wa pili.)

Hizo ni moli ndani ya 25 cm³. Ndani ya lita: 0.001245 × 40 = 0.0498 M.

Uzito wa moli moja: 14.3 ÷ 0.0498 = 287.1.

Na₂CO₃ peke yake ni 106. Yaliyobaki, 181.1, ni maji. Maji ni 18 kwa moli: 181.1 ÷ 18 = 10.06. Kwa hiyo x ni 10.

Sasa angalia kitu. Kama ungepita kwa sentimita moja ya ujazo, ukapata 25.90, molariti ingekuwa 0.0518, uzito wa moli 276.1, na x ingetoka 9.45. Utaandika 9 au 10? Hiyo sentimita moja uliyoikimbilia ndiyo imekuacha njia panda.

Mambo yakienda mrama

*Namba zinapishana ovyo, 24.2, 26.0, 25.1.* Mara nyingi ni pipeti: alama haikufikiwa sawasawa kila mara, au safari nyingine umepuliza tone la mwisho na nyingine hukupuliza. Angalia pia kama koki inavuja. Funga koki, kausha ncha kwa karatasi, subiri dakika moja. Tone likitokea, omba bureti nyingine au mwombe mwalimu aipake vaselini kidogo.

*Namba zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe, lakini ziko juu kuliko za darasa zima.* Kuna kosa unalolirudia kila mzunguko kwa uaminifu. Anza kushuku bureti yenye maji, kisha koniko iliyosuuzwa kwa besi, kisha kupita rangi.

*Zinakubaliana lakini ziko chini.* Pipeti ilikuwa na maji, au faneli iko juu ya bureti. Inua macho uangalie.

*Nimepata karibu nusu ya wenzangu, 12.45 wao wakiwa na 24.90.* Hili linatisha lakini ni rahisi. Umetia POP kwenye kaboneti. Kaboneti inazimwa kwa ngazi mbili: kwanza inakuwa haidrojeni kaboneti, halafu ndiyo inatoa kaboni dayoksaidi. Rangi ya waridi ya POP inapotea kwenye ngazi ya kwanza. Anza upya kwa MO.

*POP ilikuwa waridi, nikaacha kidogo, ikapotea yenyewe.* Kama besi ndiyo iliyoko kwenye bureti, hiyo ni kaboni dayoksaidi ya hewani inayoyeyuka ndani ya koniko. Waridi hafifu ikikaa kama nusu dakika, umefika, usiongeze.

*MO imekuwa nyekundu tangu mwanzo, hata sijaanza.* Umevuta asidi kwa pipeti. Rudi kwenye zile bika zako mbili zisizoandikwa.

*x imetoka 7 au 8, na darasa zima limepata hivyo hivyo.* Si kosa lako. Fuwele za sodiamu kaboneti zikiachwa wazi hupoteza maji na kuwa unga mweupe. Anayepima gramu 14.3 za unga huo amepima kaboneti nyingi zaidi. Andika ulichopata, siyo kilichomo kwenye daftari la mwaka jana.

*Sodiamu haidroksidi yetu haikubaliani na molariti iliyoandikwa kwenye chupa.* Vidonge vyake vinavuta unyevu na kaboni dayoksaidi kutoka hewani hata ukiwa bado unavipima kwenye mizani. Vitazame, vinang'aa na kulowana mbele yako. Gramu 4 ulizopima si gramu 4 kamili za haidroksidi. Ndiyo maana hupimwa upya dhidi ya asidi inayoaminika.

Kama shule yenu ina bureti mbili kwa watu sitini

Mkono unaweza kufundishwa nyumbani. Tafuta bomba la sindano la 10 ml bila sindano yake, glasi nyeupe, siki na magadi. Kwa kiashiria, chemsha maua ya choya yaliyokauka: maji yake ni mekundu kwenye asidi na hugeuka kijani kwenye alkali. Bizari ya manjano nayo inafaa, njano ikigeuka nyekundu ya udongo kwenye alkali.

Yeyusha punje chache za magadi kwenye maji, chuja kwa kitambaa, tia vijiko viwili kwenye glasi, dondoshea choya. Vuta siki kwa bomba, achia tone kwa tone huku ukizungusha. Itachemka mapovu, hiyo ni kaboni dayoksaidi kutoka kwenye kaboneti. Rangi itapita zambarau kuelekea nyekundu, taratibu, bila ule mgeuko mkali wa maabara, kwa sababu siki ni asidi dhaifu na magadi ni besi dhaifu. Usitafute hesabu hapa. Tafuta kusimamisha kidole kwenye tone lile lile mara tatu mfululizo, na kusoma bomba jicho likiwa usawa. Glasi hiyo usiinywee chai mpaka ioshwe.

Ukimaliza

Mabaki ya koniko yamwagwe kwenye sinki yakifuatwa na maji mengi. Asidi iliyobaki kwenye bika usiirudishe kwenye chupa kubwa, hata kama unaona huruma. Bureti isuuzwe kwa maji mara tatu kupitia kwenye koki, hasa kama ilikuwa na alkali, maana alkali ikilala kwenye koki ya kioo usiku mmoja kesho haizunguki. Kisha ibane kwenye stendi ikiwa imegeuzwa kichwa chini, koki wazi.